Ndege ya Mtwara: Dakika 65 angani, saa 19 na nusu kwa mtu wa Newala

WANUNUZI wa korosho na mawakala wao huulizana swali moja kila ifikapo Oktoba, minada inapofunguliwa Newala, Tandahimba na Masasi: hivi kupanda ndege kwenda Dar es Salaam kuna faida, au ni ufahari tu?

Majibu yanayotolewa vijiweni huwa mawili. Mwenye fedha husema ndege ni saa moja, kwa hiyo hakuna mjadala. Asiye nazo husema basi nalo linafika. Wote wawili wamehesabu nusu. Ukurasa huu umejaribu kuihesabu safari nzima, kuanzia mlangoni pa mfanyabiashara wa Makote, nje kidogo ya mji wa Newala, hadi mlangoni pa duka au benki yake Kariakoo, na matokeo yake huenda yakawashangaza baadhi ya wasomaji wetu.

Tuanze na umbali wenyewe. Kutoka kiwanja cha ndege cha Mtwara hadi kile cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni kama kilometa 400 ukipima mstari ulionyooka. Marubani wao hawatumii kilometa bali maili za baharini, ambapo maili moja ni kilometa 1.852, kwa hiyo kwenye karatasi zao safari hiyo ni kama maili 215. Kwa barabara, Dar hadi Mtwara ni kama kilometa 560. Tofauti hiyo ya kilometa 160 inatokana na barabara kulazimika kufuata madaraja na miji: inavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, inapita Somanga na Nangurukuru, inashuka Lindi, inazunguka Mingoyo, ndipo inaelekea Mtwara. Ndege haina haja ya Mingoyo.

Masasi iko kama kilometa 430 kutoka Dar kwa mstari huo huo wa angani, na Newala kama kilometa 450. Kwa maneno mengine, Newala iko mbali zaidi na Dar kuliko ilivyo Mtwara, lakini ili mtu wa Newala apande ndege ni lazima kwanza asafiri kilometa 140 kwenda mashariki, pwani, ambako si njia ya Dar hata kidogo. Masasi ina kiwanja, na Nachingwea kipo tangu enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, lakini ndege za abiria zenye ratiba ya kawaida anazozitegemea mfanyabiashara ziko Mtwara. Hapo ndipo penye kiini cha hesabu yetu.

Sasa muda. Ndege aina ya ATR, ambazo abiria wa Kusini wanazifahamu vizuri kwa sababu ya mapanga yake, hukata kama kilometa 500 kwa saa zikishatulia angani. Gawanya 400 kwa 500 utapata dakika 48. Lakini ndege haitulii mara tu inaporuka. Kuna kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kuna kupanda ambako mwendo ni mdogo, kuna kushuka, na Dar kuna kusubiri zamu iwapo ndege nyingine ziko mbele. Kanuni rahisi anayoweza kuitumia mtu yeyote asiye rubani ni hii: gawanya kilometa kwa mwendo wa ndege, kisha ongeza dakika kati ya 15 na 25. Kwa ATR unapata kama saa moja na dakika tano.

Je, ndege ya kasi zaidi inasaidia? Dash 8 Q400 inakwenda kama kilometa 650 kwa saa. Airbus A220, ambayo ni ya jeti, inafika kama 830, na njia ya kurukia ya Mtwara, iliyorefushwa hadi meta 2,800, inatosha kuipokea. Lakini kwa safari fupi namna hii jeti haipati nafasi ya kukimbia. Ikimaliza kupanda inaanza kushuka. Faida yake kwa abiria wa Mtwara ni dakika 15 au 20 tu. Faida kubwa ni viti vingi zaidi, na hilo ni jambo la bei, si la muda.

Kwa kumbukumbu za wazee, Dakota za East African Airways zilikuwa na mwendo wa kama kilometa 270 kwa saa, kwa hiyo njia hii ingewachukua abiria zaidi ya saa moja na nusu. Fokker Friendship iliyokuja baadaye, na ambayo Shirika la Ndege Tanzania liliirithi baada ya East African Airways kuvunjika mwaka 1977, ilikuwa karibu sawa na ATR ya leo. Hivyo basi, tangu enzi za Fokker muda wa kuruka kati ya Mtwara na Dar haujabadilika sana. Kilichobadilika ni barabara.

Na hapa vijana wavumilie kidogo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yalipokolea barabara ya Kusini ilikuwa matope matupu. Lori lilihesabiwa kwa siku, na wakati mwingine kwa wiki. Mtu wa Masasi aliyekuwa na shughuli ya haraka alikuwa na ndege au meli, basi. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga, iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea na kuwa na tawi la Masasi, ilikwisha kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo ndege ya Mtwara ilikuwa na thamani ambayo leo haina tena, kwa sababu ilishindana na matope. Leo inashindana na lami.

Ila lami nayo isiaminiwe kupita kiasi. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar–Lindi maeneo ya Somanga, magari yalikwama kwa siku kadhaa pande zote mbili. Siku kama hizo tiketi ya ndege huwa ni bidhaa adimu kama sukari ya mwezi wa Ramadhani.

Mlango hadi mlango

Tuchukue sasa wafanyabiashara watatu wa mfano: wa Mtwara mjini, wa Masasi na wa Makote. Wote wanakwenda Kariakoo. Bei tunazozitumia ni za mfano tu ili hesabu ieleweke, na msomaji aweke za siku yake: nauli ya ndege sh. 220,000, ya basi sh. 45,000, na gari la kuchangia kwenda Mtwara sh. 20,000.

Wa Mtwara mjini anatumia nusu saa kufika kiwanjani, saa moja na nusu kusubiri, saa moja na kidogo angani, nusu saa kutoka na mzigo wake Dar, na saa moja kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere hadi Kariakoo. Jumla saa nne na nusu. Basi lingemchukua saa 10 na zaidi, kisha saa nyingine kutoka Mbagala kuingia mjini, yaani saa 11. Ameokoa saa sita na nusu kwa nyongeza ya sh. 175,000. Kila saa aliyookoa ameinunua kwa kama sh. 27,000.

Wa Masasi ana kilometa 200 za lami hadi Mtwara, saa tatu. Safari yake nzima kwa ndege ni kama saa saba. Lakini kwa basi hapiti Mtwara, anakatiza Mingoyo moja kwa moja, kama kilometa 600 hadi Dar, na anafika Kariakoo kwa saa 11 na nusu. Ameokoa saa nne na nusu kwa nyongeza ya sh. 195,000, sawa na zaidi ya sh. 43,000 kwa kila saa. Huyu ndiye ananunua saa ghali kuliko wote, ingawa yuko karibu na Dar kwa barabara kuliko yule wa Makote.

Wa Makote yuko juu ya uwanda wa Makonde, ambako ukisimama Shimo la Mungu unaiona nchi yote ya bonde la Ruvuma chini yako, lakini kiwanja cha ndege hukioni. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ni ya kilometa 210. Kilometa 50 za kwanza, Mtwara hadi Mnivata, zilitangulia kupata lami, na kilometa 160 zilizobaki ujenzi wake umegharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tumhesabie saa tatu na nusu hadi kiwanjani. Kwa ndege anafika Kariakoo kwa saa saba na nusu hivi, na kwa basi kama saa 13 na nusu. Ameokoa saa sita, kila moja kwa sh. 32,500.

Mpaka hapo ndege inashinda. Lakini hesabu hiyo inakubali jambo moja bila kulisema: kwamba ndege inaruka mchana, saa inayompendeza mtu wa Makote. Tuseme inaruka saa mbili asubuhi. Itambidi awepo kiwanjani saa kumi na mbili na nusu, maana yake aondoke Newala saa tisa usiku kwa gari la kukodi peke yake, au alale Mtwara. Wengi hulala. Basi anaondoka nyumbani saa tisa alasiri, anafika Mtwara jioni, analipa nyumba ya wageni na chakula, asubuhi anaruka, na saa nne na nusu yuko Kariakoo. Hesabu saa hizo: ni 19 na nusu. Jirani yake aliyepanda basi saa hiyo hiyo ya alasiri angekuwa amefika alfajiri, amekunywa chai, na anasubiri maduka yafunguliwe.

Hilo la basi la usiku si la kupuuza. Marufuku ya mabasi kusafiri usiku ilidumu miaka mingi, na ilipoondolewa mwaka 2023 mizani ya biashara hii ilibadilika, ingawa watu wachache wameona. Mfanyabiashara asihesabu saa za saa ya ukutani, ahesabu saa za kazi. Saa 13 za basi la mchana zinaua siku nzima ya mauzo. Saa 13 za basi la usiku zinaua usingizi tu, na nyumba ya wageni ya Dar haikulipwa. Mwenye mgongo mbovu ataongeza gharama yake mwenyewe.

Nani apande ndege?

Jibu liko kwenye ukubwa wa mtaji, na hapa ndipo tungependa mwekezaji mdogo atulie na kalamu.

Chukua mnunuzi aliyechukua tani 100 ghalani kwa bei ya mfano ya sh. 3,000 kwa kilo. Amefunga sh. milioni 300. Kama ni mkopo wa benki wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, anadaiwa sh. milioni 54 za riba kwa mwaka, ambazo ukizigawa kwa siku 365 ni karibu sh. 148,000 kila siku inayokwenda kwa Mungu. Huyu, safari ya ndege ikimwezesha kusaini karatasi benki siku moja mapema, nauli imekaribia kujilipa yenyewe. Zikiwa siku mbili, amepata faida ya wazi.

Sasa chukua mwenye tani tano. Amefunga milioni 15, na riba yake kwa siku ni kama sh. 7,400. Huyo ili afidie nyongeza ya sh. 195,000 anahitaji ndege imwokolee siku 26. Hakuna ndege ya namna hiyo. Na kama mtaji wake wote ni milioni tatu, nyongeza hiyo peke yake ni asilimia sita na nusu ya mtaji, ambayo huenda ndiyo faida yote aliyokuwa akiitarajia kwa mzunguko mmoja.

Mpaka uko wapi? Kwa riba na bei hizo, na kwa safari inayookoa siku moja kamili, ni kama tani 130 kwa mtu wa Makote. Chini ya hapo, sababu ya kupanda ndege iwe nyingine: ugonjwa, msiba, kesi mahakamani, au barabara imekatika.

Kuna jambo jingine linaloipunguza haja ya safari yenyewe. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007 uliwaleta wanunuzi kwenye minada ya vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala, na ilibidi mnunuzi au mtu wake awepo. Tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweza kuweka bei akiwa amekaa Dar, au akiwa Ho Chi Minh. Kinachobaki kumsafirisha ni ubora: kupasua korosho kwa mkono wake, kuona zilizooza na zilizosinyaa, kupima unyevu. Hilo kompyuta haijaweza kulifanya, na bei ya shehena nzima husimama juu yake. Kwa hiyo ushauri wetu kwa mwenye ndege ni kwamba abiria wake wa msimu ujao ni mkaguzi kuliko mnunuzi.

Kwa wenye hisa

Wapo wasomaji ambao hawanunui korosho bali hisa. Precision Air iliuza hisa zake kwa wananchi mwaka 2011 kwa sh. 475 kila moja na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na walionunua wakati huo hawahitaji kukumbushwa kuwa bei ilikuja kushuka chini ya hapo. Tunachotaka kusema ni kuhusu njia fupi kwa ujumla. Ndege hula mafuta mengi inapopanda. Hulipa ushuru kila inapotua, bila kujali imetoka kilometa 400 au 4,000. Inakaa chini dakika 30 au zaidi kila upande, na ndege iliyokaa chini haiingizi senti wakati mkodishaji wake anadai kwa mwezi. Ndiyo maana nauli ya njia fupi, ukiigawa kwa kilometa, ni kubwa kuliko ya kwenda Ulaya, na bado mwenye ndege analalamika. Mwenye kuangalia hisa za usafiri wa anga asidanganywe na viti vilivyojaa vya Oktoba hadi Januari. Aulize viti vya Machi.

Aulize pia habari za lami ya Newala. Barabara ile ikikamilika, mtu wa Makote atafika kiwanjani kwa saa mbili badala ya tatu na nusu, na ndege ya saa nne asubuhi itakuwa ndani ya uwezo wake bila kulala Mtwara. Lami hiyo hiyo itamnufaisha na mwenye basi.

Saa ya tiketi

Kabla ya kwenda mbali, tahadhari moja ambayo mwandishi ameilipia mwenyewe. Tiketi ya ndege haisomi saa za Kiswahili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na tiketi iliyoandikwa 10:40, nami nikaisoma saa kumi na dakika arobaini, nikala chakula cha mchana kwa raha zangu, nikafika kiwanjani saa tisa alasiri kuwahi. Nilimkuta mfagiaji. Ndege ilikuwa imeondoka saa nne na dakika arobaini asubuhi, na tiketi ilikuwa ya aina isiyorudishwa fedha. Ondoa sita kwenye saa ya tiketi, na ikiwa ni ndogo kuliko sita, ongeza sita: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, 14:00 ni saa nane mchana.

Hesabu hii inakuwa nzito zaidi kwa wale wanaofuata korosho hadi zinakobanguliwa. Dar hadi Ho Chi Minh, Vietnam, ni kama kilometa 7,700 ukinyoosha kamba juu ya tufe la dunia, si juu ya ramani ya ukutani, maana ramani hudanganya. Lakini njia iliyozoeleka ni ya kubadili ndege Ghuba. Ukipita Doha unakwenda kama kilometa 3,800 kwanza, halafu 6,000, jumla 9,800. Umezunguka kilometa 2,100 za bure, zaidi ya mara tano ya safari ya Mtwara–Dar. Angani ni kama saa 13, na kungoja Doha kunaweza kuongeza kuanzia saa mbili hadi usiku mzima. Kisha Vietnam wako mbele yetu kwa saa nne: ukipiga simu saa saba mchana, kwao ofisi zinafungwa. India wako mbele saa mbili na nusu, na Mumbai, ambako ATCL ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Dar Julai 2019, ni kama kilometa 4,700, saa sita hivi.

Korosho zenyewe hazipandi ndege. Zinakwenda kwa meli, na nyingi hupakiwa papo hapo bandarini Mtwara. Kinachopanda ndege ni karatasi: hati ya shehena, cheti cha ubora, cheti cha afya ya mimea. Bila karatasi hizo kontena halitoki. Kwa Vietnam meli huchukua wiki kadhaa, hivyo karatasi ina nafasi ya kutosha. Kwa India bahari ni fupi, na mzigo unaweza kutangulia hati zake. Karatasi iliyosainiwa Newala Ijumaa jioni, ikasubiri gari la Jumamosi, ikakuta ofisi za Mtwara zimefungwa, ikapata ndege Jumatatu na kupokelewa benki Dar Jumanne, imekwisha kula siku nne kabla haijavuka mpaka wa nchi. Upande wa pili, kontena likikaa bandarini kupita siku za bure, huhesabiwa gharama kwa dola, kila siku, na kila kontena peke yake.